Kuvimbiwa

Sahani ni nyeupe, upana wake shibiri na kitu,
imefungwa kamba yenye fundo kila sentimita kumi.
Naishusha ubavuni mwa boti, nahesabu mafundo
hadi macho yaipoteze.
Mwezi wa tano: mafundo kumi na tisa.
Leo, tarehe nane Agosti, matano.
Naandika. Kalamu inateleza,
ama kwa jasho, ama kwa uji wa kijani
ulionirukia kiganjani.

Peipsi, ziwa pana kuliko jicho,
lakini kina chake!
Ungeusimamisha katikati mnara wa kanisa letu la Varnja,
msalaba ungebaki juu, mkavu,
shakwe wakiugombania.

Tumezoea kwamba kinachokufa kimenyimwa.
Hili halikunyimwa kitu.
Lililishwa:
samadi ya mazizi ya shamba la ushirika,
povu la sabuni ya unga
kila Jumamosi, kila bafu la mvuke, kila ukoo,
mvua iliyosuuza mashamba ya viazi hadi mfupa.
Kila mto ulikuja na bakuli lake,
kula, mgeni, kula, mbona hujala?
Na nani amewahi kumlilia aliyeshiba?

Sasa linacheua.
Zulia la kijani limelala toka gati hadi matete,
lina harufu ya kabichi iliyosahaulika chunguni.
Usiku mwani huvuta pumzi yote ya maji,
alfajiri samaki wadogo wanaelea ubavu,
fedha isiyonunua chochote.
Burani, mbwa wa Agafia, alikunywa Jumanne.
Jumatano tulimzika nyuma ya banda la kukaushia vitunguu.

Babu yangu Zinovi alikuwa mtunza ghala la mbolea.
Mwaka mmoja, Machi, magunia yalibaki.
Yakibaki, mgao wa mwaka ujao hupunguzwa,
na bosi naye ana bosi wake.
Basi wakayapakia kwenye sleji, usiku,
wakayamwaga juu ya barafu ya ziwa,
magunia mia mbili na kumi,
hesabu ikatimia.
Aprili barafu ikayeyuka
na hakuna aliyeulizwa.

Alinisimulia haya akimenya vitunguu,
kwa hiyo yale machozi
sijui niyaandike safu ipi.

Wataalamu kutoka Tartu walizamisha bomba,
wakachomoa tope jeusi, refu kama mkono,
wakalikata vipande kama mkate.
Wakasema: hata mito yote ikija safi kesho,
huku chini kuna akiba.
Kiangazi kikipamba moto, oksijeni ikiisha sakafuni,
tope hufungua mlango,
hutoa fosforasi kidogo kidogo,
mwani hupokea.
Nikawaza: kumbe ghala halikufungwa.
Babu amelala makaburini miaka kumi na minne,
na bado kuna anayegawa kwa zamu yake.

Jioni nafunga boti. Agafia yuko bustanini,
amepiga magoti kwenye tuta refu la vitunguu,
tuta alilolirithi kwa mama wa mama yake,
limeinuliwa kwa tope la ziwa hili hili, ndoo kwa ndoo.
Haniangalii. Anauliza, "Ngapi?"
"Matano."
"Mwaka jana?"
"Sita na nusu."
Ana kopo la mbolea kando ya goti.
Vitunguu visiponenepa,
watalii wa barabarani hawasimamishi gari,
na kuni za msimu wa baridi hazijinunui.
Anachota konzi, mkono unabaki hewani,
namwona akitazama upande alikozikwa mbwa.
Nusu anainyunyiza.
Nusu anairudisha koponi, anafunga kifuniko,
anakipiga kwa ngumi kikae.

Sikumshukuru. Sikumlaumu.
Niliisuuza sahani kwa maji ya kisima
mara tatu, hadi ikawa nyeupe tena,
na kwenye kamba yangu nikatafuta
fundo la kupimia nusu ya konzi.